Katoni Sita Nyuma ya Magunia ya Sukari

Maneno ya mwenye duka mmoja kwenye mkutano wa wafanyabiashara na wakazi, Kirumba, Mwanza

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wetu wa soko na wa mtaa, wazee wangu, mama lishe, wachuuzi wa dagaa, vijana wa mikokoteni na bodaboda, na wateja wangu ambao nawaona mmekaa kule nyuma: mwangaluka bhabha, mwangaluka mayu. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu. Najua dagaa hawamsubiri mtu, na jua la leo ni la kuanikia.

Nimeombwa niseme juu ya magonjwa ya mlipuko. Mimi si daktari wala bibi afya. Ni mwenye duka. Nimeuza sabuni, sukari, chumvi, mafuta na dawa ya maji, vile vidonge vya kutibu maji ya kunywa, hapa Kirumba kwa zaidi ya miaka 20, na nitasema kama mwenye duka, maana kuna sehemu ya ugonjwa ambayo daktari haioni. Daktari anampokea mtu akiwa ameshalala. Sisi tunamwona siku 4 kabla, yuko mbele ya kaunta kwa miguu yake, ana hela yake mkononi, anauliza kama kitu kipo.

Nianze na siku ambayo mimi nilijibu vibaya.

Mwezi wa 8 mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam. Kilipanda mkoa hadi mkoa, na mlipuko ule ulipokuja kutulia mwaka 2018 nchi ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 30,000 na vifo zaidi ya 500. Kilipokuwa bado kiko Dar, mtu ninayechukua kwake mzigo alinipigia simu: mama, nunua dawa ya maji, huku inagombewa, na huko kwenu kitafika tu. Nikanunua katoni 7. Hadi hapo sikuwa nimekosea. Mwenye duka anayeona wingu akaleta miamvuli amefanya kazi yake.

Kosa lilikuja kilipofika Mwanza. Nilitoa katoni 1, ikaisha siku hiyohiyo. Jioni nikafunga milango, nikakaa kwenye kreti la soda nikapiga hesabu. Kipande cha vidonge 10 nilikuwa nauza shilingi 500. Wenzangu walishafika 1,000, mmoja alishafika 1,500. Nikajiambia, nikiuza leo napata ya leo, nikingoja wiki moja napata mara tatu. Nikamwita kijana wangu wa dukani, tukazihamisha zile 6 nyuma ya magunia ya sukari, na nikamwambia atakayeuliza ajibiwe kwamba mzigo umeisha.

Kesho yake asubuhi alikuja mama lishe mmoja wa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Kanga yake ilikuwa imelowa chini, na kwenye kiganja alikuwa na sarafu moja ya 500, zile ambazo mwaka ule zilikuwa bado mpya, zinang'aa. Akauliza, "Dada, dawa ya maji ipo?" Nikamwambia, "Imeisha, dada." Hakuondoka. Alinitazama, akatupa jicho ndani, upande wa stoo, kisha akaifunga ile sarafu kwenye pindo la kanga, polepole, fundo la kwanza na la pili. Akasema, "Haya, nitapita tena."

Maji aliyotumia siku ile yalichotwa ziwani, hatua chache kutoka mitumbwi inapofungwa. Mnapajua. Na mnajua mvua ikinyesha ni nini kinachoshuka kutoka kwenye vilima vyetu, kule juu ya mawe ambako hata shimo la choo halichimbiki. Wali wake uliiva vizuri, moto haukuwa na shida. Shida ilikuwa sahani zilizosuuzwa kwenye beseni moja kuanzia asubuhi, na kikombe cha maji ya kunywa kilichotoka kwenye ndoo ileile.

Kijana wangu alikuwa anakula pale kila mchana. Siku ya 4 alfajiri mwenzake wa chumba alinigongea mlango. Nilimkuta amekunjamana kwenye mkeka, macho yameingia ndani, midomo imekauka kama ya mtu aliyetembea jangwani, na kinachomtoka ni maji meupe kama yale unayooshea mchele. Niliishika ngozi ya tumbo lake nikaivuta kidogo. Ilibaki imesimama mkunjo, haikurudi. Usiku wa jana yake tu alikuwa amebeba magunia. Tukamtia kwenye bajaji, tukamfikisha kwenye kambi ya wagonjwa, wakamtundikia dripu moja baada ya nyingine. Namshukuru Mungu alipona.

Siwezi kusimama hapa niape kwamba aliupata ugonjwa kwenye sahani ile. Kipindupindu kina njia nyingi na siku zile kilikuwa mitaani kote. Ninachokijua ni hiki: kidonge kimoja kinatibu ndoo ya lita 20, unatia, unasubiri dakika 30, basi. Na mimi nilikuwa na maelfu ya vidonge, mwendo wa kutupa jiwe kutoka kwenye ndoo ile.

Aliporudi kazini, bado miguu haina nguvu, hakunisemesha neno juu ya jambo hili. Aliingia stoo, akasogeza magunia, akatoa zile katoni moja moja, akazipanga juu ya kaunta zote 6, pale ambapo kila anayepita barabarani anaziona. Kisha akakaa. Nikaziuza siku ile kwa 500.

Nikamfuata yule mama mwaloni, nimebeba vipande vyangu vya kumpa. Alivipokea. Akaniambia, "Nilijua unazo. Kijana wako ndiye aliyeniambia niwahi. Nilidhani mimi utaniuzia."

Miaka hii yote sentensi ile haijaniacha. "Nilidhani mimi utaniuzia." Hakunidhania kwamba ni mtu mwema kwa dunia nzima. Alidhani tu kwamba anayenijua kwa sura, ambaye kijana wangu anakula kwake, nisingemnyima.

Sasa tuzungumze juu ya hofu, maana si kila anayebeba vitu vingi ni mlanguzi, na mimi sitaki tutoke hapa tukiwatukana akina mama walionunua mche wa ziada wa sabuni kwa ajili ya watoto wao. Hofu ni haki ya mtu. Lakini tazameni inavyofanya kazi dukani, maana wengi hamjawahi kukaa upande wangu wa kaunta.

Chukua mtaa wenye kaya 100. Kila kaya inamaliza mche 1 wa sabuni kwa wiki. Mimi naleta miche 120. Inatosha na inabaki. Siku redio ikitangaza ugonjwa, kaya 40 zinakuja asubuhi na kila moja inabeba miche 3. Kabla ya saa 6 mchana miche 120 imekwisha, na kaya 60 hazina kitu. Kiwanda hakijafungwa. Lori halijapinduka. Nchi ina sabuni ileile iliyokuwa nayo jana. Lakini ukipita mtaani jioni utasikia "sabuni imeadimika", na kesho hata yule asiyekuwa na hofu atakopa hela aende kutafuta miche 5, mtaa wa pili. Na lori la kuja kujaza pengo hilo linatoka Dar, zaidi ya kilomita 1,100.

Halafu jiulizeni, hizo kaya 60 zilizokosa ni za nani? Anayeweza kununua miche 3 kwa mpigo ni mwenye mshahara, mwenye akiba, mwenye boti. Anayekosa ni yule anayenunua kipande kidogo cha sabuni kila jioni, kwa sababu hela yake inapatikana jioni. Ndiye anayeishi chumba kimoja na watu 6, choo kimoja kwa nyumba nzima ya wapangaji. Na ndiye anayekupikia, anayekufulia, anayekubebea mzigo, anayekaa kando yako kwenye daladala ya Igoma. Umejaza sabuni kabatini kwako, na mikono inayokuandalia chakula haina sabuni. Hapo umejikinga na nini?

Wenzetu wa mbali yaliwakuta hayahaya, tena wana maduka makubwa kuliko soko letu zima. Mwezi wa 3 mwaka 2020, Korona ilipoanza kusambaa, watu wa Australia, Uingereza na Marekani waliingia madukani wakabeba karatasi za chooni hadi rafu zikabaki mbao tupu. Karatasi za chooni, kwa ugonjwa wa mapafu! Viwanda vilikuwa vinaendelea kutengeneza kama kawaida. Maduka ya Australia ilibidi yaweke ukomo wa pakiti kwa kila mteja, na Uingereza yakatenga saa za asubuhi kwa wazee na wafanyakazi wa hospitali, kwa sababu muuguzi aliyetoka zamu alikuwa anakuta hakuna kilichobaki. Jimbo la Tennessee, Marekani, ndugu wawili walizunguka na gari wakikusanya vitakasa mikono kila duka walilolikuta, wakafikisha chupa 17,700, wakaanza kuziuza kwenye mtandao kwa bei ya kutisha. Mtandao ukawazuia, mwanasheria mkuu wa jimbo akawafungulia uchunguzi, na mwishowe wakazitoa bure. Niliposoma habari ile nilifunga simu nikakaa kimya. Wao chupa 17,700, mimi katoni 6. Kilichotutofautisha ni mtaji tu.

Na lililoumiza zaidi halikuwa karatasi. Tarehe 3 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba vifaa vya kuwakinga wahudumu wa afya vinakwisha kwa sababu ya watu kununua kwa hofu na kuficha. Dunia ilihitaji barakoa za hospitali milioni 89 kila mwezi, glavu milioni 76, na bei ya barakoa ilikuwa imepanda mara sita. Mara sita! Mtu aliyekaa nyumbani kwake na maboksi 10 alikuwa ameshika barakoa ambayo ingefunika uso wa daktari aliyeinama juu ya kinywa cha mgonjwa.

Hapa kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka ule, na siku hiyohiyo nilianza kuulizwa barakoa, kisha malimau, kisha tangawizi. Mnakumbuka bei za malimau. Mti uleule, shamba lilelile, mkulima wala hakupata nyongeza. Waliokaa katikati ndio waliokula. Lakini na hili niliseme kwa heshima: mafundi cherehani wa mjini hapa ndio waliotuokoa, walipoanza kushona barakoa za vitenge na kuziuza kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza. Hakuna aliyewaamuru. Waliona watu hawana, wakashona.

Wazee wangu mliopo hapa hamkusubiri Korona kuyajua haya. Mimi nilikuwa msichana mdogo mwanzoni mwa miaka ya 80. Nilitumwa kupanga foleni ya sukari na sabuni usiku, na tukichoka tunaweka jiwe mahali petu, kila jiwe na mwenyewe, tunakwenda kulala kidogo. Mama alikuwa anatufulia kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alianzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na neno "mlanguzi" likawa tusi la kumrudisha mtu kijijini kwao usiku.

Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Ule wa miaka ya 80 ulikuwa upungufu wa kweli. Nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda, mafuta yamepanda, viwanda vinakosa malighafi. Hata kama kila mtu angekuwa malaika, sabuni isingetosha. Huu wa siku za mlipuko ni upungufu tunaoutengeneza wenyewe asubuhi moja, kwa mikono yetu, mzigo ukiwepo. Na msako wa serikali, hata ukiwa mkali namna gani, unafika baada ya wiki 2. Kipindupindu kinaua ndani ya saa chache. Kwa hiyo anayeamua ni sisi wenye maduka na nyinyi wateja, katika siku 3 za mwanzo, kabla hajafika mtu yeyote mwenye gari la serikali.

Nataka nikae kidogo kwenye pakiti za chumvi na sukari, zile za kuchanganya na maji, maana hapa ndipo ninapoona watu wema wakifanya jambo baya bila kujua. Mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa 1. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaukiwa vibaya anahitaji lita 6 za dripu ndani ya saa 3, na baada ya hapo bado anaendelea kunywa, kikombe baada ya kikombe, kwa kadiri anavyotokwa. Mgonjwa mmoja anamaliza pakiti nyingi kwa siku moja. Sasa nyumba isiyo na mgonjwa ikiweka pakiti 50 kabatini "za tahadhari", imeondoa mtaani maji ya kuwafufua watu kadhaa. Na anayetibiwa mapema, kipindupindu karibu hakimwui kabisa. Katika wagonjwa 100 waliowahi matibabu, hafi hata 1. Wasiotibiwa wanaweza kufa hata nusu yao. Kati ya yule na huyu kuna maji, chumvi na sukari tu.

Nyumbani weka pakiti 2 au 3 za kumwanzishia mtu wakati mnatafuta usafiri. Na zikikosekana kabisa, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mpe anywe njiani. Usizidishe chumvi.

Kuna ubinafsi mwingine usiohusu duka, nao ni kuficha mgonjwa. Naelewa kwa nini watu wanaficha. Mwenye mgahawa anaogopa kufungiwa, mwenye mtumbwi anaogopa wavuvi wake watakimbia, na hapa mwaloni kila mmoja anaogopa neno "kipindupindu" lisitajwe karibu na samaki wake. Wakongwe wa biashara ya sangara wanakumbuka mwanzoni mwa 1998, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wabichi wa nchi zetu kwa sababu ya kipindupindu. Viwanda vya minofu vikapunguza kazi, na aliyevua kisiwani akakosa pa kuuzia samaki wake. Wengine wakatoa somo kwamba ni heri kukaa kimya. Mimi naona somo ni kinyume chake. Mgonjwa aliyefichwa wiki hii ni mtaa mzima wiki ijayo, na mtaa mzima haufichiki. Mfuko wangu na wa mvuvi na wa mwenye kiwanda ulitoboka kwa pamoja mwaka ule, na hakuna aliyeulizwa kama kwake ni pasafi.

Na watu wakituambia ukweli, tusiwafanye wajute. Mwezi wa 3 mwaka 2023 ndugu zetu wa Bukoba walipata Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola. Walioambukizwa walikuwa 9, wakafariki 6. Watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekaribiana nao wakafuatiliwa kwa siku 21, na tarehe 2 Juni ukatangazwa mwisho wake. Nikisikia siku 21 mimi nawaza jikoni. Mvuvi aliyekaa siku 21 bila kwenda ziwani, siku za giza za mwezi, ambazo ndizo za kuvulia dagaa, zimempita, watoto wake wamekula nini? Mtu anayekubali kukaa ndani ili mimi nisiugue ananilipia deni ambalo sijawahi kukopa. Angalau nipeleke unga mlangoni kwake. Badala yake tunapeleka maneno, tunahamisha watoto wasicheze na wa kwake, na bodaboda wanakataa kumbeba hata baada ya siku zake kwisha. Kisha tunashangaa kwa nini jirani mwingine akiharisha anajifungia na kukaa kimya.

Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kiliporudi Kanda ya Ziwa, kikapita Simiyu, Shinyanga na hapa kwetu Mwanza, nilijaribu kufanya tofauti. Nikabandika karatasi mlangoni: dawa ya maji vipande 2 kwa nyumba, bei ni ya jana. Nusu ya mzigo nikaifungua, nikauza kidonge kimoja kimoja kwa shilingi 50, ili mwenye hela ya ndoo 1 tu apate ya ndoo 1.

Nisiwadanganye, haikuwa rahisi. Nyumba moja ilinitumia watoto 5, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ananiambia katumwa na shangazi yake. Ikanibidi nianze kuandika kwenye daftari. Bwana mmoja alishuka kwenye gari akataka katoni nzima. Nikamwambia vipande 2. Akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Nilikuwa namjua. Nikampa vipande 2. Wateja kadhaa walinihama, na wengine hawajarudi hadi leo. Na siku ya 3 nikagundua kwamba kuna mtu anayenunua kwangu kwa bei ya jana, anavuka barabara, anauza kwa bei ya leo. Nilikasirika hadi nikataka kung'oa ile karatasi.

Sikuing'oa, lakini nilielewa kwamba duka moja haliwezi. Nikiweka ukomo mimi peke yangu, mwenye hela anabeba kwangu 2, kwa jirani 20. Ndiyo sababu nilimwomba mwenyekiti aitishe mkutano huu leo, wakati hakuna mgonjwa, hakuna hofu, na kila mmoja bado anamwona mwenzake kuwa ni mtu.

Naomba wenye maduka tukubaliane sasa. Siku mlipuko ukitangazwa, sabuni, dawa ya maji, pakiti za chumvi na sukari, na ndoo za bomba, maduka yote ya Kirumba yauze kwa bei ya siku iliyotangulia hadi mzigo ule uishe. Anayeleta mzigo mpya kwa bei mpya aonyeshe risiti yake kwa viongozi wa soko, naye ataongeza kwa haki. Sisemi mtu ale hasara. Ukomo uwe mmoja kwa wote, na atakayetaka katoni nzima awe ni wa zahanati, shule au duka lenzetu, anayejulikana. Tuwaangalie mama lishe kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ndoo moja ya mama lishe inanywewa na watu 40. Na pale kwenye ngazi za mwaloni wekeni pipa la maji tiririka na sabuni iliyofungwa kwa kamba; sabuni ya miezi 3 ya kwanza nitatoa mimi.

Nanyi wateja, msitufanye sisi kuwa maadui mkikuta karatasi mlangoni. Ukimwona mwenzako amebeba miche 10, muulize kwa upole kama ana nyumba 10. Na ukijua duka lina mzigo na linasema umeisha, sema. Kijana wangu hakuniambia mimi kwa mdomo, lakini alisema, na mimi nilisikia.

Yule mama niliyemwambia imeisha yuko hapa leo. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusimulia, akaniambia nisimulie yote. Hii katoni mnayoiona mezani ni ya dawa ya maji, na hailipiwi. Itagawiwa kwa mama lishe wa mwaloni, vipande 2 kila mmoja, na kila anayechukua ataandika jina lake kwenye daftari hili, ili siku kikija niwe najua ni kwa nani nianze kupeleka. Daftari liko wazi, na mstari wa kwanza nimeuacha mtupu.

Dada yangu, karibu mbele.